Kununua gari lililotumika kwa muuzaji usiyemwamini: maswali matatu yanayochanganywa

Mtu anayetafuta gari lililotumika kwa watu binafsi hufika mara nyingi mahali ambapo gari limempendeza na bei anaimudu, lakini muuzaji mwenyewe hamwelewi. Pengine maelezo yake hubadilika kila anapoulizwa, pengine ana haraka asiyoieleza sababu, pengine hataki mtu afike nyumbani kwake. Akiomba ushauri, mnunuzi huyo hujibiwa kwa namna mbili zinazopingana: wapo watakaomwambia aachane na gari hilo asigeuke nyuma, na wapo watakaomwambia kwamba hanunui mtu, ananunua gari, hivyo atafute fundi, na fundi akiridhika alipe. Majibu yote mawili yana kasoro ileile, nayo ni kuyakusanya maswali matatu tofauti na kuyajibu kana kwamba ni moja.

Swali la kwanza ni iwapo anayeuza ana haki ya kuuza. La pili ni iwapo gari liko katika hali inayosemwa. La tatu ni iwapo fedha na gari vitapokezanwa pasipo upande mmoja kubaki mikono mitupu. Fundi, hata awe hodari namna gani, hujibu la pili tu. Ndiyo maana wapo wanaonunua magari mazima kabisa ambayo baadaye huchukuliwa na polisi kwa kuwa yaliibwa, wapo wanaonunua magari yenye hati safi ambayo injini zake zimekwisha, na wapo wanaokuta hati na injini vyote viko sawa kisha wakapoteza fedha siku ya malipo. Maswali hayo yakishatenganishwa, lile lililokuwa likimsumbua mnunuzi tangu mwanzo, yaani kama mtu huyu ni mkweli, hupungua uzito kwa kiasi kikubwa.

Maneno ya kueleweka kwanza

Kununua kwa mtu binafsi ni kununua kwa mwenye gari ambaye kuuza magari si kazi yake. Katika nchi nyingi mfanyabiashara wa magari hubanwa na sheria za kumlinda mlaji, na gari likiharibika mapema mno mnunuzi ana mahali pa kurudi. Mtu binafsi kwa kawaida huwajibika kwa yale tu aliyoyatamka kuhusu gari, na asipotamka mengi huwajibika kwa machache. Kwa sababu hiyo wapo wafanyabiashara wanaojifanya watu binafsi ili kuukwepa wajibu huo. Njia nyepesi ya kuwatambua ni kupiga simu na kusema tu kwamba unaulizia gari linalouzwa, bila kulitaja ni gani. Mwenye gari moja ataanza kulieleza, ilhali mwenye mengi atalazimika kuuliza ni lipi.

Usajili na umiliki navyo si kitu kimoja. Usajili ni kumbukumbu ya mamlaka kwamba gari limeandikishwa kwa jina la fulani, na umiliki ni haki ya kisheria juu ya gari lenyewe. Mara nyingi vyote viwili huwa kwa mtu mmoja, lakini nchi hazifanani: Uingereza hati ya usajili hutamka yenyewe kwamba si uthibitisho wa umiliki, ilhali Marekani kila jimbo hutoa hati maalumu ya umiliki. Anayenunua hana budi kujua hati ya nchi yake inathibitisha nini hasa kabla ya kuitegemea.

Neno la tatu ni dhamana. Gari lililonunuliwa kwa mkopo, au lililowekwa rehani ili mwenyewe apate fedha, hubeba haki ya mkopeshaji, na katika sheria za nchi nyingi haki hiyo hulifuata gari popote liendako. Aliyelipa bei yote kwa uaminifu anaweza kukuta gari lake linakamatwa kwa deni la mtu mwingine.

Kwa nini shaka ni jambo la kawaida

Wanunuzi wengi huona haya kuonyesha kwamba wana shaka, kana kwamba kuuliza ni kumtukana mwenzao. Ni vizuri kujua kwamba shaka hiyo haitokani na tabia ya mnunuzi wala ya muuzaji. Imo ndani ya biashara yenyewe. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof aliutumia mfano wa magari yaliyotumika kueleza kinachotokea pale upande mmoja unapokijua kitu kuliko upande mwingine. Muuzaji amekaa na gari miaka kadhaa na anajua linavyoamka asubuhi, mnunuzi analiona kwa saa moja. Kwa kuwa hawezi kutofautisha zima na bovu, mnunuzi hutoa bei ya katikati. Bei hiyo huwa ndogo kwa mwenye gari zima, naye huondoka sokoni. Huwa nono kwa mwenye gari bovu, naye hubaki. Wanunuzi wakiliona hilo hushusha bei zaidi, na wenye magari mazima huzidi kuondoka. Kwa kazi hiyo Akerlof alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Ndani ya maelezo hayo mna jambo la manufaa sana kwa mnunuzi. Mwenye gari zima ndiye anayeumizwa na shaka ya wanunuzi, kwa hiyo ndiye mwenye faida kubwa kutokana na ukaguzi. Muuzaji anayeruhusu gari lipelekwe kwa fundi aliyechaguliwa na mnunuzi, anayetoa kumbukumbu za matengenezo na kukubali namba za gari zihakikiwe, anajisaidia mwenyewe kupata bei inayostahili. Anayekataa hayo yote anaiacha faida hiyo iende, na ni haki kujiuliza kwa nini.

Hata hivyo, kukataa ukaguzi na kujihadhari ni mambo mawili. Muuzaji naye anakutana na mtu asiyemfahamu, akiwa na kitu cha thamani kinachoweza kuendeshwa na kutoweka. Akitaka mkutane mahali penye watu, akiomba kuona leseni yako kabla hujashika usukani, akitaka awe nawe ndani ya gari wakati wa majaribio, huyo ni mtu mwenye busara. Na kumsoma mtu usoni, ambako wengi wanakuamini, ni kipimo kibaya: tapeli aliyeizoea kazi yake hutulia, na mtu mkweli anayeuza gari kwa sababu ya shida anaweza kutetemeka. Kinachopaswa kupimwa ni yale anayoyaruhusu na yale anayoyazuia.

Je, ana haki ya kuuza?

Kanuni ya kisheria hapa ni ya kale na inakubalika katika sehemu kubwa ya dunia, ingawa kila nchi ina mapengo yake: mtu hawezi kumpa mwenzake haki asiyokuwa nayo. Mpangaji ana funguo za nyumba, anajua kila chumba, majirani wanamfahamu, na bado hawezi kuiuza nyumba hiyo. Atakayeilipa kwake atabaki na risiti tu. Hivyo ndivyo lilivyo gari. Funguo, muda mrefu wa kulitumia na ujuzi wa kasoro zake zote havimfanyi mtu kuwa mwenye gari.

Uhakiki huanza na majina. Jina lililo kwenye hati ya usajili lilinganishwe na kitambulisho cha anayeuza, si na jina alilojitambulisha nalo kwenye simu. Likitofautiana, pana sababu nyingi za halali na kila moja ina karatasi yake. Anayeuza gari la ndugu aliye mbali awe na hati ya uwakilishi, na mwenye gari azungumze na mnunuzi moja kwa moja. Gari la marehemu liuzwe na msimamizi wa mirathi aliyetambuliwa na mahakama. Kuwa mtoto wa marehemu peke yake hakutoshi, na magomvi mengi ya kifamilia yamemwangukia mnunuzi ambaye hakuwa na kosa. Gari la kampuni liuzwe kwa maandishi ya kampuni. Maelezo kwamba gari lilinunuliwa juzi na uhamisho wa jina haujafanyika ni ya kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu humwachia mnunuzi mlolongo wa watu wa kuwatafuta.

Baada ya majina ni namba. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 yana namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17, ambayo kwa kawaida huitwa namba ya chasisi. Namba hiyo haina kamwe herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Hati inayoonyesha mojawapo ya herufi hizo ndani ya namba ya 17 ina kosa au imeghushiwa. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hutumia namba fupi zaidi, kwa hiyo ufupi peke yake usimtishe mtu. Namba huonekana sehemu zaidi ya moja, kama vile chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, na ikiwa imegongwa kwenye bodi lenyewe. Zote zilingane, na zilingane na hati. Mikwaruzo au rangi mpya kuizunguka namba, pamoja na riveti za kibao chake zilizofungwa upya, ni dalili mbaya.

Sababu ya kuzilinganisha sehemu zote ni kwamba wezi hufanya jambo ambalo uhakiki wa namba ya usajili pekee hauwezi kuligundua. Hutafuta gari halali la aina ileile na rangi ileile, wakatengeneza vibao vya namba vinavyofanana na vya gari hilo, wakavifunga kwenye gari la wizi. Mnunuzi akihakiki namba ya vibao huambiwa kwamba gari ni safi, na ni kweli, isipokuwa gari linalozungumziwa liko mahali pengine kabisa. Ndiyo maana pia uhakiki wa usajili na wa madeni uombwe na mnunuzi mwenyewe kwenye mamlaka husika. Karatasi aliyoileta muuzaji, hata iwe na mhuri mzuri, inathibitisha tu kwamba muuzaji ana karatasi.

Je, gari liko kama linavyosemwa?

Hapa ndipo fundi anapoingia, na awe fundi wa mnunuzi. Asiwe jamaa wa muuzaji, wala yule ambaye amekuwa akilitengeneza gari hilo miaka yote. Hata kabla yake, mtu asiye na utaalamu anaweza kuona mengi.

Injini ikutwe ikiwa baridi. Kasoro nyingi za kuwaka hujificha injini ikishapata moto, kwa hiyo mwambie muuzaji mapema kwamba ungependa uiwashe wewe, na ukifika shika boneti kwa kiganja. Ikiwa ya moto, uliza sababu na urudi siku nyingine. Inapowaka, tazama bomba la moshi: moshi wa buluu maana yake oili inaungua, mweusi ni mafuta yanayozidi kiasi, na mweupe mzito usiokoma huweza kuwa maji ya kupozea yanayoingia ndani ya injini. Mvuke mwepesi wa dakika za kwanza wakati wa baridi si kasoro.

Kilomita ndiyo habari inayoaminiwa kupita kiasi. Wengi hudhani mita za kidijitali haziwezi kurudishwa nyuma kama zile za zamani zilizokuwa na magurudumu ya namba, ilhali siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kifaa kinachounganishwa na kompyuta ya gari. Ushahidi wa kuaminika zaidi ni uchakavu wenyewe: mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Kumbukumbu za matengenezo na za ukaguzi wa lazima, pale ulipo, huonyesha idadi ya kilomita kwa tarehe, na idadi hiyo haiwezi kupungua mwaka hadi mwaka. Mara nyingine kompyuta nyingine ndani ya gari hilohilo huwa na kumbukumbu isiyolingana na ya dashibodi. Nami naona gari la kilomita nyingi lenye kumbukumbu kamili linafaa kuliko la kilomita chache lisilo na karatasi hata moja, kwa sababu la kwanza linajulikana.

Tairi nazo husema. Ubavuni pana tarakimu nne ndani ya duara dogo, ambazo kwa tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 huonyesha wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zikiwa zimelika upande mmoja, huenda magurudumu hayajanyooka au bodi limepinda baada ya kugongwa. Kioo chenye alama tofauti na vingine kilibadilishwa, na inafaa kujua kwa nini. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa haishiki vizuri mahali penye puti nene, yaani udongo wa kuzibia mibonyeo kabla ya kupaka rangi, ingawa haishiki pia kwenye bodi la alumini au plastiki. Rangi mpya peke yake haithibitishi ajali mbaya. Mkwaruzo wa mlango hupakwa rangi kama kingine chochote. Linalotisha ni mapengo yasiyolingana kati ya milango na bodi, na alama za kuchomelea chini ya zulia la buti au ndani ya boneti.

Gari lililozama kwenye mafuriko linahitaji maneno yake, kwa sababu husafishwa likang'aa na madhara yake hutokea miezi baadaye, nyaya zinapooza taratibu. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake uone kama una matope au michirizi ya maji. Chunguza reli za viti kama zina kutu, na sehemu linapokaa tairi la akiba kama lina tope kavu. Harufu kali ya manukato ndani ya gari la zamani nayo ina sababu yake.

Taa za onyo ziangaliwe kabla injini haijawaka. Ufunguo unapofunguliwa, taa ya injini na ya mifuko ya hewa huwaka, kisha ya mifuko ya hewa huzimika baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, huenda imeondolewa ili isionyeshe kwamba mifuko hiyo ilishafyatuka na haikurudishwa. Kompyuta ya gari nayo inaweza kufutiwa kumbukumbu za hitilafu nusu saa kabla mnunuzi hajafika, lakini ufutaji huo huacha alama: vipimo vya ndani ambavyo gari hujifanyia lenyewe barabarani huonekana havijakamilika. Kifaa cha kusomea kompyuta huvionyesha kwa magari yenye mfumo huo wa kujipima, uliofanywa wa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996 na baadaye Ulaya. Fundi aambiwe aviangalie pia, asiishie kusoma hitilafu.

Liendeshwe kwa muda wa kutosha injini ipate moto wake kamili, kwenye barabara laini na mbovu, na lipigwe kona ya mwisho wa usukani kwa mwendo mdogo ili kusikiliza jointi zinazogonga. Muulize pia ni lini mkanda wa taimingi, yaani ule unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, ulibadilishwa, kama injini inautumia, kwa sababu katika injini nyingi ukikatika valvu hugonga pistoni na ukarabati wake unaweza kukaribia bei ya gari.

Malipo na maandishi

Malipo ya awali yanayoombwa kabla gari halijaonekana ni ya kukataliwa, hata kama muuzaji anasema wanunuzi wengine wako njiani. Haraka ndiyo silaha ya kawaida ya anayeficha jambo. Gari likishakaguliwa, malipo kidogo ya kulishikilia yanaweza kuwa ya haki, ilimradi pana maandishi yanayosema yatarudishwa lini na kwa sababu zipi. Bei iliyo chini mno nayo isihesabiwe kuwa bahati hadi sababu yake ijulikane.

Malipo yenyewe yafanyike mahali salama, na yenye usalama zaidi ni ndani ya benki wakati wa kazi, ambako fedha huhamishwa kwenda kwenye akaunti yenye jina lilelile la hati. Muuzaji akitaka zipelekwe kwa jina la mtu mwingine, swali la kwanza limefunguka upya na linapaswa kujibiwa upya. Gari likiwa na deni na pande zote zinalikubali hilo, mkopeshaji alipwe moja kwa moja na atoe barua ya kuliachilia, badala ya kumpa muuzaji fedha kwa ahadi kwamba atalipa.

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha ukiwa na majina kamili na namba za vitambulisho, namba ya chasisi na ya injini, kilomita za siku hiyo, bei, kasoro zilizotajwa, tamko kwamba gari halina deni, pamoja na tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ni muhimu kwa sababu faini au ajali ya siku hiyohiyo huhitaji kujulikana gari lilikuwa la nani. Wapo wanaoamini kwamba mkataba ukishashuhudiwa na mwanasheria kasoro zote zimehalalishwa. Shahidi huthibitisha kwamba watu walisaini, hathibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye gari. Na wapo wanaoamini kwamba maneno "linauzwa jinsi lilivyo" humwondolea muuzaji kila lawama. Humwondolea nyingi, lakini katika sheria za nchi nyingi hayamlindi aliyedanganya kwa makusudi, na ndiyo maana alichokisema kinapaswa kuandikwa. Muuzaji ambaye kwa mdomo anasema gari halijawahi kugongwa, kisha hataki sentensi hiyo iingie kwenye karatasi, amekwisha kulijibu swali lako.

Baada ya hapo pokea funguo zote, kwa kuwa ufunguo uliobaki kwa mtu mwingine ni njia ya kulichukua gari usiku, na kama upo usioonekana, peleka gari kwa fundi wa funguo afute ule wa zamani kwenye kumbukumbu. Bima ianze kabla ya kuliondoa. Uhamisho wa jina ufanyike siku hiyohiyo mkiwa wote wawili, kwa sababu muuzaji aliyekwisha kulipwa hana tena sababu ya kupokea simu yako.